Chemirocha alipiga gitaa gani?

Nimekuwa kimya hapa kwa majuma kadhaa, na safari hii si kazi za ofisini zilizonizuia. Ni gitaa.

Binamu yangu wa Litein alinitumia picha kumi na moja za gitaa la mjomba. Mjomba ni kaka yake mama yangu, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai mpaka akastaafu, na gitaa hilo nimelijua tangu nikiwa mtoto likining'inia ukutani juu ya redio. Chini ya picha binamu akaandika: "Hebu angalia hii kwa mtandao. Nimesoma gitaa kama hii ya John Lennon iliuzwa mamilioni. Na wazee hapa wanasema ndiyo aina ile ya Chemirocha."

Kumbe alikuwa ameshaongea na mnunuzi wa Nairobi. Kama ni kweli gitaa ni la aina adimu, shilingi 150,000. Kama si kweli, 6,000. Mjukuu wa mjomba anaingia chuo, na karo bado. Kwa hiyo ukoo mzima ukakaa kunisubiri mimi nitoe jibu. Kwetu watu wanaamini kwamba anayeandika programu anajua kila kitu chenye nyaya, na nadhani nyuzi nazo wamezihesabu humo humo.

Nilichukua madai yote mawili, la Lennon na la Chemirocha, nikayapima kama ninavyopima hitilafu kwenye programu: unaanza na unachoweza kuthibitisha, halafu unaondoa yasiyowezekana. Nitawaeleza nilivyofanya, maana katikati ya kazi hiyo nimekutana na historia ya kwetu ambayo wengi hawaijui, hata waliozaliwa Kapkatet.

Chemirocha ni nani?

Tuanze na huyu. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, Mmarekani. Tamka jina lake haraka haraka kwa ulimi wa Mkipsigis, "Jimirojas", uone linavyojigeuza. Linakaa vizuri kabisa pamoja na kina Chebet, Chelangat na Cheruiyot.

Rodgers alizaliwa mwaka 1897 katika jimbo la Mississippi, akafanya kazi kwenye reli kabla ya kifua kikuu kumwondoa. Tarehe 4 Agosti 1927 alirekodi nyimbo zake mbili za kwanza katika mji wa Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia. Ndani ya miaka sita akawa amerekodi zaidi ya nyimbo 100, akawa tajiri, na tarehe 26 Mei 1933 akafia New York, akiwa na umri wa miaka 35. Alisifika kwa mambo mawili: gitaa, na ule uimbaji wa kurusha sauti ghafla kutoka chini kwenda juu na kurudi, kama mchungaji anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Afrika hakuwahi kufika.

Sauti yake ndiyo iliyofika. Santuri zilikuwa zikisafiri na wamisionari, na walowezi, na wenye maduka. Kericho nayo ilikuwa njiani: kuanzia katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai kwa maelfu ya ekari, zikaleta mameneja kutoka Uingereza na wafanyakazi kutoka Nyanza na Magharibi. Mahali penye mishahara na nyumba za mameneja hapakosi gramafoni.

Mwaka 1950 akaja Kericho mtu mmaja mwenye mashine ya kurekodi, Hugh Tracey. Huyu alikuwa Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na aliyetumia maisha yake kurekodi muziki wa Waafrika. Alipotega mashine yake Kapkatet, kwenye barabara iendayo Sotik, alikuta watu wanaimba habari za Chemirocha. Alirekodi nyimbo kadhaa zenye jina hilo. Iliyokuja kujulikana duniani ni ya wasichana, inayoongozwa na Chemutoi Ketienya. Ni fupi, haifiki hata dakika mbili, na ndani yake inalia chepkong'.

Kwa msiojua chepkong': ni ndugu wa nyatiti ya Wajaluo, litungu ya Wabukusu na obokano ya Wakisii. Bakuli limewambwa ngozi, mikono miwili inapanda juu, mti mmoja unaiunganisha, na nyuzi zinashuka kutoka kwenye mti huo hadi kwenye ngozi. Aliyesikia santuri ya Rodgers bila kumwona alisikia nini? Mwanamume mmoja anaimba peke yake huku akizipiga nyuzi kwa vidole. Huko Kapkatet kitu hicho kilikuwa na jina tayari. Tracey aliandika katika maelezo yake kwamba Chemirocha alikuwa amegeuka kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu paa, na wasichana wanamwalika acheze mpaka nguo zimdondoke.

Wazungu wengi wameicheka hadithi hiyo. Mimi naona wasichana wale walifanya kazi ile ile niliyopewa na binamu. Walisikia ala wasiyoiona, wakajaribu kuitambua kwa data waliyokuwa nayo.

Gitaa lenye nambari

Sasa nikabadilisha swali. Badala ya kuuliza kama gitaa la mjomba ni la Chemirocha, nikauliza kwanza: Chemirocha mwenyewe alipiga gitaa gani?

Hapo ndipo nilipoona tofauti kati ya watu walioandika na watu ambao hawakuandikiwa. Gitaa la Rodgers linajulikana mpaka kwenye pambo la mwisho. Mwaka 1928 kampuni ya Martin, yenye kiwanda Nazareth, Pennsylvania, ilimtengenezea gitaa la aina ya 000-45. Jina lake, Jimmie Rodgers, limepachikwa kwa lulumizi kwenye shingo, mahali vidole vinapokanyaga nyuzi. Kichwani limeandikwa Blue Yodel, jina la wimbo wake maarufu. Na mgongoni, kwa herufi kubwa zilizopinduliwa, neno la Kiingereza la kusema asante. Akimaliza kuimba alilipindua gitaa na ukumbi mzima ukasoma. Alipokufa, mjane wake Carrie alimwazima mwimbaji Ernest Tubb, aliyelipiga kwa miongo kadhaa, kisha likarudi Meridian, mji wa Rodgers, kwenye jumba lake la makumbusho.

Hata jina "000-45" lenyewe ni data. Sehemu ya kwanza inataja ukubwa wa mwili: 0 ni mdogo, 00 unazidi, 000 unazidi tena, na baadaye ikaja D, lile gitaa pana ambalo wengi wenu mnalijua. Sehemu ya pili inataja mbao na mapambo. Katika miaka ile 18 lilikuwa gitaa la mahogani lisilo na madoido, 28 la rozwudi ya Brazili, na 45 la rozwudi pia lakini lenye lulumizi inayozunguka kingo zote. Kwa hiyo ukilielewa jina, umeshajua nusu ya gitaa kabla hujaliona. Mwandishi wa programu anayewapa vitu vyake majina ya namna hii ningemwajiri leo.

Halafu kuna nambari ya mfululizo. Martin walianza kuzipiga mhuri nambari zao mwaka 1898, wakianzia 8000, na hawakurudi nyuma wala kuruka ruka. Gitaa la mwisho la 1927 lilikuwa na nambari 34435, na la mwisho la 1928 lilikuwa 37568. Ukiokota Martin leo sokoni, ukachungulia ndani ya tundu ukakuta 36000 na ushee, umeujua mwaka. Kuanzia mwisho wa 1930 wakaanza kupiga mhuri hata jina la aina juu ya nambari, kwa hiyo gitaa la 1935 lisilo na jina la aina ndani yake lina maswali ya kujibu.

Lakini hapo nikagonga ukuta mzuri. Gitaa la 000-45 lilitengenezwa 1928. Rodgers alirekodi Bristol Agosti 1927, na Blue Yodel ya kwanza akairekodi Novemba 1927. Basi nyimbo hizo haziwezi kuwa na sauti ya gitaa hilo, kwa sababu lilikuwa halijazaliwa. Alikuwa na magitaa mengine, ya Martin na ya Weymann wa Philadelphia. Tena zipo santuri ambazo wengine ndio wanampigia: mwaka 1930, mjini Los Angeles, alirekodi Blue Yodel ya 9 akisindikizwa na tarumbeta ya Louis Armstrong. Jibu la "Chemirocha alipiga gitaa gani" linategemea ni santuri ipi iliyochezwa Kericho, siku ipi, nyumbani kwa nani. Gitaa limeandikwa mpaka herufi za mgongoni. Siku ile ya Kericho haikuandikwa na mtu.

Kwa dai la binamu, hata hivyo, nilikuwa na jibu tayari. Martin wa miaka ile alikuwa na ubao wa sprusi na mgongo wa mbao nzima, na shingo yake ilikutana na mwili kwenye freti ya 12. Aina ya 000 ilihamia freti ya 14 mwaka 1934. La mjomba lina freti 14 nje ya mwili. Nilizihesabu kwenye picha mara tatu. Chemirocha akaondoka kwenye orodha.

Lennon na duka la Gallo

Akabaki Lennon. Dai hili lilinishangaza kwa sababu lina msingi kuliko nilivyodhani.

Tarehe 6 Julai 1957, siku John Lennon alipokutana na Paul McCartney kwenye sherehe ya kanisa huko Woolton, Liverpool, alikuwa amebeba gitaa lililotoka Afrika. Lilikuwa Gallotone Champion, gitaa dogo la bei rahisi la kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Ndani ya tundu lina lebo yenye ahadi kwamba halitapasuka. Mwaka 1999 liliuzwa kwa mnada London kwa zaidi ya pauni 150,000. Hiyo ndiyo habari aliyoisoma binamu yangu.

Na Gallo ni nani? Ni kampuni ile ile iliyomlipa Hugh Tracey. Mwaka 1947 Eric Gallo alianza kuudhamini utafiti wake wa muziki, na rekodi zake nyingi zilitoka kwenye santuri za kampuni hiyo. Mwaka 1952 Tracey alimrekodi kijana wa Katanga, Mwenda Jean Bosco, akipiga wimbo wake Masanga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada, na wapiga gitaa wa Kenya nzima wakakaa chini kuuiga. Miaka michache baadaye Bosco alikuja kuishi Nairobi kwa muda na kuimba matangazo ya biashara ya dawa ya Aspro. Ona mzunguko huo: kampuni moja inauza wimbo wa gitaa, inauza na gitaa la kuupigia. Wanaouza simu na nyimbo leo hawakubuni jipya.

Kwa hiyo wazo kwamba Gallotone moja ingefika Kericho si la kuchekwa. Magitaa ya bei rahisi yaliingia Afrika Mashariki kutoka kila upande. Askari waliorudi kutoka Burma mwaka 1945 na 1946 walirudi na hamu ya gitaa. Fundi Konde mwenyewe alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi. Maduka ya Wahindi Mombasa na Nairobi, kama Assanand, yaliuza santuri na ala pamoja. Na aliyekosa pesa alitengeneza la debe, akafunga nyaya za breki za baiskeli. Katika laini za wafanyakazi wa chai, Mluhya wa Maragoli, Mkisii na Mkipsigis walikaa ukuta kwa ukuta, na mtindo wa gitaa ulipita ukutani.

Basi nikaacha kubahatisha, nikapanda matatu hadi Litein.

Kwenye meza ya mjomba

Nilikuta binamu ameshalisugua gitaa kwa mafuta ya kupikia ili ling'ae kwa mnunuzi. Tafadhali, mtu asifanye hivyo. Uchafu wa zamani ni ushahidi.

Nilichokifanya nitakiandika kwa nambari, maana najua wengine wenu mna gitaa la babu ukutani:

1. Usianze na jina, anza na kisichowezekana. Kila kitu kina tarehe ambayo kabla yake hakikuwepo. Skrubu za nyota, zile zinazofunguliwa kwa bisibisi yenye msalaba, ziliingia sokoni katikati ya miaka ya 1930. Gitaa lenye skrubu hizo tangu kiwandani si la 1928, hata liandikwe nini. La mjomba lina skrubu za nyota kwenye vizungushio vyote sita, na alama za kutu zinaonyesha hazijawahi kubadilishwa.

2. Chungulia ndani ya tundu kwa kioo kidogo na tochi ya simu. Linganisha mistari ya mbao ya nje na ya ndani. Kama kuna fundo au mshipa nje na ndani haupo mahali pale pale, hiyo ni plaiwudi. La mjomba ni plaiwudi mgongoni na ubavuni.

3. Soma jina la nchi, maana nchi nazo hufa. "West Germany" ni kati ya 1949 na 1990. Lebo ya Yamaha iliyoandikwa Nippon Gakki ni ya kabla kampuni haijabadili jina mwaka 1987. Czechoslovakia ilikoma mwisho wa 1992.

4. Tofautisha sehemu za kiwandani na za fundi. Daraja la mjomba lilichongwa upya, nadhani kwa mti wa hapa hapa, na uzi mmoja ulikuwa waya wa aina nyingine kabisa. Sehemu zilizobadilishwa zinakwambia maisha ya gitaa, hazikwambii kuzaliwa kwake.

5. Kama kweli ni rozwudi ya Brazili, jihadhari. Tangu 1992 mbao hiyo iko kwenye orodha kali kabisa ya mkataba wa CITES, na kuivusha mpaka bila kibali ni kosa.

Lebo ilikuwepo. Nusu yake ililiwa na wadudu, nusu iliyobaki ilisomeka "...DE IN CZECHOSLOV". Kazi ikawa imeisha. Katika mji wa Luby, magharibi ya nchi ile, kulikuwa na kiwanda cha dola kilichotumia jina la Cremona, na magitaa yake yalisambaa duniani kwa wingi kwa bei ya mtu wa kawaida. La mjomba linafanana na mazao ya namna hiyo. Si Gallotone. Si Martin. Si adimu.

Nikawaambia. Binamu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini lebo si imeharibika? Picha ya lebo ya Gallotone iko kwa mtandao. Wewe una printa. Tunaichapisha, tunaipaka majani ya chai ionekane ya kale. Nani atajua?"

Nisiwadanganye, nililifikiria kwa sekunde kadhaa. Nilijua ukubwa wa herufi. Nilijua hata karatasi gani ningetumia. Mtoto anahitaji karo, na mnunuzi ni mtu nisiyemjua. Lakini fikiri kidogo: kila kitu nilichojifunza katika majuma yale nilikijifunza kwa sababu kuna mtu mwaka 1928 aliandika nambari sahihi kwenye kipande cha mbao, na hakuna aliyeigusa tangu hapo. Ukipenyeza data ya uongo kwenye hifadhidata hata mara moja, anayekuja baada yako hawezi tena kuamini hata zile za kweli. Nikakataa, na binamu hakufurahi. Mpaka leo anajibu ujumbe wangu kwa neno moja moja.

Mjomba alikuwa amekaa pale wakati wote, akinywa chai. Akasema, "Mimi nililinunua Kericho mjini mwaka 1968, kwa Mhindi aliyekuwa karibu na stendi. Lilikuwa kwenye boksi, limeandikwa Czechoslovakia pande zote. Daraja alilichonga marehemu rafiki yangu wa laini, Mluhya mmoja, baada ya mtoto kulikalia. Ungeniuliza, mjomba."

Majuma matatu ya kazi, na nauli. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza.

Kadi ya Kapkatet

Njiani kurudi tulipita Kapkatet, na ndipo nilipoelewa kinachonisumbua.

Rekodi za Tracey zimehifadhiwa katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, International Library of African Music, kwa kifupi ILAM, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda, Afrika Kusini. Kila rekodi ilikuwa na kadi: mahali, mwaka, kabila, ala, jina la mwimbaji. Kadi hizo zina mapengo. Rekodi ya Kapkatet inamtaja Chemutoi Ketienya, kisha inasema "na wasichana wa Kipsigis". Wasichana hao walikuwa na majina. Aliyechonga chepkong' ile naye alikuwa na jina. Gitaa la Rodgers tunajua mbao yake, kiwanda chake, na mjane aliyeliazimisha. Chepkong' iliyomjibu, iliyompa uhai wa pili mwishoni mwa dunia miaka 17 baada ya kufa kwake, haina hata mstari mmoja kuhusu fundi wake.

Lakini tuwe waadilifu. Ni kadi hiyo hiyo yenye mapengo iliyowezesha jambo lililotokea baadaye. Mwaka 2014 na 2015, ILAM ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, iliyoanzishwa na Tabu Osusa, na mradi wa Singing Wells, walizirudisha rekodi hizo Kenya, kwa watu wenyewe na jamaa zao. Walikwenda vijijini wakiwa na orodha ya majina ya mwaka 1950 na kuuliza mlango kwa mlango. Wakamkuta Cheriyot arap Kuri, mmoja wa waliorekodiwa na Tracey, akiwa hai na umri wa zaidi ya miaka 80. Akaisikia sauti yake ya ujana. Kama Tracey angeandika tu "mwanamume wa Kericho", nani angempata?

Basi hilo ndilo nililolipata kwenye gitaa la shilingi 6,000. Kutambua ala ya kale hakutegemei jicho la mtaalamu peke yake. Kunategemea mtu fulani, siku ya kwanza, kuchukua kalamu. Martin walifanya hivyo kwa sababu ya biashara. Tracey alifanya hivyo nusu nusu. Sisi tunabeba kila kitu kichwani, na kichwa kina mwisho wake. Mjomba ana miaka 80.

Jioni ile, kabla sijaondoka, niliketi naye na daftari. Nikaandika: lilinunuliwa Kericho, 1968, jipya, kutoka Czechoslovakia. Bei kwa mshahara wa miezi miwili. Nikaandika jina kamili la Mluhya aliyechonga daraja na jina la kijiji chake, kama mjomba alivyolikumbuka. Nikaandika nyimbo alizopenda kupiga na harusi alizozipigia. Kurasa mbili. Nikazikunja, nikazitia ndani ya bahasha ya plastiki, na mjomba akaibandika kwa utepe ndani ya sanduku la gitaa. Nakala nyingine nimeipiga picha na kuihifadhi mahali tatu, kama inavyotakiwa.

Gitaa halikuuzwa. Karo tumechanga, kama kawaida ya ukoo, na mimi nimechangia kuliko nilivyopanga, labda kwa sababu ya ile lebo niliyokataa kuichapisha. Mnunuzi wa Nairobi alipoambiwa ukweli alishukuru na kukata simu.

Kama una gitaa, litungu, chepkong' au hata redio ya babu nyumbani, usinitumie picha kumi na moja. Kwanza nenda kamuulize mwenyewe, umwandikie majibu yake. Kisha nitumie picha moja ya lebo na moja ya skrubu, nitakusaidia nikiwezacho.

Ni hayo kwa leo. Juma lijalo narudi kwenye mambo ya hifadhidata, nikijaliwa.